Gari la familia: tulihudumie wenyewe nyumbani au tulipeleke kwa wakala?

Ilikuwa alasiri ya mwezi wa Shaabani. Tulikuwa njiani kutoka Dar es Salaam kwenda Muheza kumjulia hali bibi yetu aliyekuwa mgonjwa. Garini tulikuwa watano, wawili kati yetu watoto. Tulikwisha vuka Mto Wami na tulikuwa tunaikaribia Mkata, mara taa nyekundu yenye sura ya birika ikawaka mbele ya dereva. Tulitoka barabarani, tukazima injini na kufungua boneti. Oili ilikuwa imetapakaa kila mahali, na kijiti cha kuipimia kikatoka kikavu.

Siku nne kabla ya safari tulikuwa tumebadilisha oili na filta wenyewe, uani kwetu, na tukajisifu kwa kuokoa fedha.

Dereva wa lori aliyesimama kutusaidia hakuhitaji muda mrefu. "Baba," aliuliza, "ulipofungua filta ya zamani, ule mpira wake ulitoka nao?" Hatukuwa na jibu. Mpira ule mwembamba wa mviringo ulikuwa umebaki umeganda kwenye injini, nasi tukaifunga filta mpya juu yake. Mipira miwili ikakaa mahali pa mmoja. Katika foleni za mjini ilistahimili. Injini ilipokwenda mwendo mrefu barabara kuu, msukumo wa oili ukaisukuma nje. Kijana wa bodaboda alitumwa Mkata kununua oili, mpira wa zamani ukatolewa, nasi tukafika Muheza baada ya Isha. Alhamdulillahi, injini ilisalimika kwa kuwa tulisimama mara ile. Taa hiyo haimaanishi "tafuta kituo cha mafuta kilicho mbele". Maana yake ni kwamba vyuma vinasagana bila utelezi, na dakika chache tu zatosha kuua injini.

Msomaji aweza kudhani kuwa baada ya hayo tuliapa kutogusa tena spana. Haikuwa hivyo, na sababu yake inahitaji maelezo.

Hatukuanza kazi hii kwa ubahili peke yake. Gari letu ni Toyota ndogo ya mwaka 2005, lililokwisha tumika Japani kabla ya kutufikia, kama yalivyo mengi yanayobeba familia hapa nchini. Gari la namna hiyo halina dhamana ya kampuni ya kupoteza, hivyo hakuna kinachomfunga mwenye nalo kwenda kwa wakala. Mwanzoni tulilipeleka gereji moja ya mtaani. Tulilipia filta mpya ya oili, na baadaye tukaikuta ileile ya zamani, na alama ya rangi tuliyoitia ingali ipo. Ndipo tukahamia karakana ya wakala. Huko walilitazama gari kwa utaratibu, wakatupa karatasi yenye kila walichokikagua, lakini malipo yalikuwa karibu mara tatu ya yale ya mtaani, na siku nzima ya kazi ikapotea. Aidha walituorodheshea mambo mengine manne ya kufanya, mawili kati yake yakiwa ya kusafisha vitu ambavyo kitabu cha gari hakisemi visafishwe.

Baba wa familia aliyekwisha dhulumiwa mara moja na kulipishwa sana mara ya pili, si ajabu akinunua spana zake.

Kwa maoni yetu, kazi ya oili ni ya nyumbani, maadamu ifanywe kwa utulivu. Gari lisimame mahali tambarare, injini iwe vuguvugu, si ya moto. Kamwe mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililowekwa juu ya matofali ya saruji, kwani tofali hupasuka ghafla bila onyo. Stendi za chuma zinazouzwa kwa jozi ndizo za kutegemewa, na asiyekuwa nazo asiianze kazi. Tumesikia vilio vya kutosha kuhusu jambo hili.

Filta ya zamani ikitoka, itazamwe: je, mpira wake upo? Mahali pake kwenye injini papanguswe kwa kitambaa safi na kupapaswa kwa kidole. Mpira wa filta mpya upakwe oili kidogo, kisha ikazwe kwa mkono. Boliti ya kumwagia oili nayo isikazwe kwa hasira, maana uzi wake ukiharibika, fedha zote zilizookolewa zitamwendea fundi. Aina ya oili imeandikwa katika kitabu cha gari, na injini nyingi za Toyota za ukubwa wa lita 1.3 hadi 1.5 huchukua chini kidogo ya lita 4. Kuzidisha nako ni kosa: oili ikipanda mno hupigwa na vyuma vinavyozunguka, ikafanya povu, na povu haliwezi kulainisha chochote. Kisha injini iwashwe dakika chache, mtu akiangalia chini yake kwa tochi. Sisi tuliiruka hatua hii ya mwisho kwa kuwa adhana ya Magharibi ilikuwa karibu. Tungeweza kuiacha kazi na kuirudia baada ya swala.

Kuhusu muda, mazoea ya hapa kwetu ni kila kilomita 5,000. Kwa gari la mjini tunaongeza sharti la miezi sita, lolote litakalotangulia, kwa sababu injini inayonguruma saa nzima kwenye foleni inachoka ingawa kilomita haziongezeki. Filta ya hewa, upepo wa matairi, balbu, maji ya rejeta (mfuniko wake usifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto), hayo nayo ni ya nyumbani na hayahitaji mjadala.

Breki ni jambo jingine. Tulikuwa na hamu ya kubadilisha pedi wenyewe, na mama wa nyumba hii akakataa kwa neno moja: "Oili ikivuja tutasimama. Breki zikikosekana tutasimamaje?" Hatukupata hoja ya kumjibu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita. Yakipata joto kali kwenye mteremko, unyevu ule hugeuka mvuke, na kanyagio likazama bila kushika. Kuyabadilisha na kuitoa hewa yote katika mirija ni kazi ya mtu aliyefunzwa. Giaboksi nayo ina mafuta ya aina zisizochanganyika: la ukanda likitiwa mafuta ya giaboksi ya kawaida huharibika, na mtaani kosa hili hufanyika sana kwa kuwa chupa hufanana. Kwa magari yanayotumia injini na umeme pamoja, nyaya nene za rangi ya chungwa zina umeme unaoweza kuua. Hizo haziguswi uani.

Na lipo jambo moja ambalo wakala humzidi fundi yeyote, nalo wengi hawalifahamu. Kampuni ikigundua kasoro, huyaita magari yake kwa namba za chasisi na kuyarekebisha. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani ilisababisha mwito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari, kwa chapa nyingi, zikiwemo Toyota, Honda na Nissan. Kemikali iliyomo huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevunyevu, kisha mfuko unapofumuka, chombo chake hupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva na abiria. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya pwani yetu. Gari lililotumika Japani na kuuzwa huku laweza kuwa liliitwa baada ya kuondoka, na mwenye nalo asipate habari. Kuuliza kwa namba ya chasisi ni jambo la dakika chache.

Nasi tuliuliza kwa kuchelewa, baada ya miaka mitatu ya kuwabeba watoto. Gari letu halikuwamo katika orodha.

Sasa ndani ya gari kuna daftari la shule. Binti yetu mkubwa huandika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na aliyekibadilisha, na risiti zote hubanwa humo, za dukani na za wakala. Oili chakavu huingia kwenye dumu, na dumu likijaa tunampelekea mwenye gereji anayeikusanya kwa wanunuzi. Haimwagwi kwenye mtaro, kwa kuwa mtaro wetu unapita karibu na kisima cha majirani. Mwezi ujao ni zamu ya mafuta ya breki, na miadi na wakala imekwisha wekwa.