DNA, Dhahabu na Kusaka Ugonjwa Uliojificha

Dhahabu iliyotengenezwa kuwa chembe za nanomita 13 haing'ai njano. Ikielea majini huonekana nyekundu, na chembe zake zikikaribiana sana rangi hugeuka zambarau. Mwaka 1996 Chad Mirkin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walizivisha chembe hizo nyuzi fupi za DNA, kisha wakatia DNA nyingine iliyolingana na nyuzi hizo. Chembe zilishikamana zenyewe.

Siri imo katika besi nne za DNA: adenini hushikana na thimini, guanini na sitosini. Kwa hiyo uzi mmoja humtambua mwenzake miongoni mwa maelfu. Mwaka 1997 kikundi hichohicho kilionyesha kwamba mabadiliko ya rangi yanatosha kujulisha kama uzi unaotafutwa umo kwenye sampuli. 

Katika vituo vya afya vya Unguja, Zanzibar, chembe za dhahabu hufanya kazi ndani ya kipimo cha haraka cha malaria. Humo hazikuvishwa DNA bali kingamwili zinazonasa protini ya kimelea. Mstari mwekundu unaojitokeza ni chembe zilizokusanyika mahali pamoja. Kipimo hicho humfaa mgonjwa mwenye homa, ambaye kwa kawaida damu yake ina vimelea vingi. Lakini Zanzibar imepunguza malaria kiasi kwamba baadhi ya wanaobeba vimelea hawaumwi, na vimelea vyao ni vichache mno kuonekana kwa njia hiyo. Mbu akiwauma, anaweza kuueneza ugonjwa.

Hapo DNA huwa shabaha bora, kwa kuwa inaweza kuzidishwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watu wapatao 1,000 walipimwa Zanzibar. Kipimo cha haraka kiligundua maambukizi 10. Mbinu ya LAMP, inayozidisha DNA ya kimelea kwenye joto la nyuzi 65 hivi bila kulipandisha na kulishusha, iligundua 18.

Hali kama hiyo ipo pia kwa kichocho, ugonjwa wa mnyoo unaoenezwa na konokono wa maji baridi katika maeneo ya Unguja kama Kinyasini. Mayai ya mnyoo yakiwa machache kwenye mkojo, darubini huyakosa. Mbinu ya RPA huzidisha DNA ya mnyoo kwenye joto la nyuzi 40 hivi. Nakala hutiwa alama mbili: moja huzinasa kwenye ukanda wa karatasi, nyingine huvuta chembe za dhahabu, na mstari hutokea.

Dhahabu, basi, huonyesha tu. Kazi ya kuzidisha hufanywa na vimeng'enya, na hapo ndipo penye hatari. Nakala chache zikivuja kutoka sampuli moja hadi nyingine, mtu asiye na ugonjwa huhesabiwa mgonjwa. Kwa hiyo sampuli huandaliwa mbali na mahali pa kuzidishia DNA, na kila awamu huwekwa sampuli isiyo na DNA ya kimelea: hiyo nayo ikitoa mstari, majibu yote ya awamu hutupwa.