Kikulacho ki nguoni: Bwana Hyde na Mtu Tembo

Ndugu msikilizaji, kila jamii ina watu inaowaogopa, na mara nyingi woga huo hujitokeza katika hadithi zake. Wiki hii nataka tuitazame Uingereza ya Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hadi 1901. Ilikuwa nchi ya viwanda, reli, makoloni na adabu nyingi. Mtu wa heshima alijulikana kwa kofia yake, mtaa wake na kanisa lake. Waliobaki pembezoni, yaani mafukara, vilema, walevi na wakaidi, walitakiwa wakae mbali, wasionekane.

Januari 1886 ilitoka hadithi fupi ya Mskochi mmoja, Robert Louis Stevenson, kuhusu Daktari Jekyll na Bwana Hyde wa London. Jekyll ni tajiri, msomi na mkarimu. Hyde ni mtu mfupi wa kuchukiza. Kila anayemwona anahisi kwamba ana kasoro, lakini hawezi kusema ni ipi. Usiku mmoja Hyde anamkanyaga mtoto barabarani. Watu wanamjia juu, wanadai fidia ya pauni 100. Anafungua mlango mmoja mchakavu, anaingia, kisha anatoka na pauni 10 za dhahabu na hundi ya kiasi kilichobaki. Saini ni ya mtu mwenye jina kubwa. Wanadhani imeghushiwa, lakini benki inapofunguliwa, hundi ni halali.

Mlango ule ni wa nyuma wa nyumba ya Jekyll. Daktari amechanganya dawa ambayo akiinywa anageuka kuwa Hyde, apate kufanya yale ambayo jina lake linamkataza. Siku hizi karibu kila mtu anajua siri hiyo. Wasomaji wa kwanza hawakuijua mpaka kurasa za mwisho. Nadhani hapo ndipo ilipo nguvu ya hadithi yenyewe. Walizoea kuambiwa kwamba uovu unakaa vichochoroni kwa maskini. Stevenson aliwaonyesha kwamba unaweza kukaa kwa daktari, ukala mezani kwake na kulipiwa madeni kwa hundi zake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tuiache hadithi, tuje kwa mtu wa kweli. Mwaka uleule, katika jiji lilelile, alikuwapo Joseph Merrick, aliyezaliwa Leicester mwaka 1862. Tangu utotoni kichwa chake, uso na mkono wa kulia viliota uvimbe mkubwa, hata kusema kukawa taabu. Kazi zikamshinda, akaingia nyumba ya mafukara, kisha mwaka 1884 akaanza kuonyeshwa kwa kiingilio, akiitwa Mtu Tembo. Maonyesho hayo yalipopigwa vita Uingereza, alipelekwa Ulaya bara, na huko msimamizi wake akamwibia akiba yake na kumtelekeza.

Juni 1886 alirudi London peke yake. Umati ulimzonga kwenye stesheni ya Liverpool Street, asiweze kujieleza. Polisi walimkuta na kadi ya daktari Frederick Treves, aliyewahi kumpima, wakamwita. Hospitali ya London haikupokea wasioponyeka, lakini mwenyekiti wake, Francis Carr Gomm, aliandika barua katika gazeti la The Times, na wasomaji wakachanga fedha za kutosha kumtunza. Merrick aliishi hapo hadi alipofariki Aprili 1890, akiwa na miaka 27. Waliomfahamu walimsifu kwa upole wake. Kanisa dogo alilolitengeneza kwa karatasi ngumu limehifadhiwa mpaka leo.

Watu hawa wawili, mmoja wa kubuni na mmoja wa kweli, mimi huwaona kama jibu moja. Jekyll alikuwa na uso mzuri, na mlango wake wa mbele ukamlinda miaka mingi. Merrick hakumdhuru mtu, lakini uso wake ulitosha kumtia hatiani barabarani. Umma uliolipa kiingilio kumshangaa ndio uleule uliochanga fedha baada ya kuelezwa habari zake.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukikuta mtu ananyooshewa kidole kwa sababu ya sura yake, kwanza muulize habari zake. Na ukikuta uovu unaolipiwa fidia upesi mno, itazame vizuri saini iliyo kwenye hundi.