Saa Sita za Koltani: Hesabu ya Kitabu Kimoja Kuhusu Goma

Dola 7 kwa kilo. Kwa mujibu wa ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Desemba 2024, hicho ndicho kiwango ambacho waasi wa M23 walitoza koltani ya Rubaya, wilayani Masisi, mashariki mwa Kongo, baada ya kuuteka mji huo mwezi Aprili mwaka huo. Wataalamu hao walikadiria kuwa angalau tani 120 zilivushwa kwenda Rwanda kila mwezi. Zidisha kilo 120,000 kwa 7, unapata dola 840,000. Ripoti yenyewe inataja mapato yasiyopungua dola 800,000 kwa mwezi.

Kuna kiasi kingine kisichotajwa sana: euro 1.87. Hicho ni kama anachobaki nacho mwandishi nchini Ujerumani kwa kila nakala ya kitabu chake cha euro 20. Kati ya viwango hivi viwili ndipo wanapofanya kazi watu wanaoieleza dunia namna madini ya Kivu yanavyoingia kwenye simu na kompyuta. Anayetaka kuelewa kwa nini vitabu vingi kuhusu Goma huandikwa kwa lugha za mbali, na kwa nini vikishachapishwa havionekani Goma, aanzie kwenye hesabu.

Walioandika

Wajerumani wana nafasi kubwa katika uandishi huu. Christoph Vogel, mtafiti aliyezunguka Kivu kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 2022 kitabu *Conflict Minerals, Inc.*, kinachochambua biashara ya madini na kampeni za kuyaita madini hayo ya damu. Dominic Johnson, mhariri wa masuala ya Afrika wa gazeti la taz la Berlin kwa miaka mingi, alitoa kitabu chake cha Kijerumani kuhusu Kongo mwaka 2008. Simone Schlindwein, mwandishi wa gazeti hilohilo katika Maziwa Makuu tangu mwaka 2008, aliandika pamoja na Johnson na Bianca Schmolze kitabu cha mwaka 2016 kuhusu kesi ya viongozi wa FDLR, kundi la waasi wa Kihutu wa Rwanda, iliyosikilizwa Stuttgart.

Vogel, Johnson na Schlindwein wana jambo moja linalowaunganisha: hakuna aliyetegemea mauzo ya vitabu peke yake. Sababu ni hii.

Euro 20 inavyogawanywa

Ujerumani hutoza vitabu kodi ya asilimia 7, na sheria inaifanya bei ya kitabu kuwa moja katika kila duka. Kwa hiyo, katika kitabu cha euro 20, serikali huondoka na euro 1.31, zikabaki 18.69. Duka na msambazaji huchukua sehemu kubwa, mara nyingi karibu nusu. Mchapishaji hulipa uhariri, karatasi, kiwanda cha kuchapa na matangazo. Mwandishi wa kitabu chenye jalada gumu kwa kawaida hupata mrabaha wa takriban asilimia 10 ya ile 18.69, yaani euro 1.87. Kwa toleo la bei nafuu, asilimia hushuka.

Tuchukue mfano wa kitabu kinachouza nakala 3,000, kiasi kisicho cha aibu kwa kitabu kuhusu nchi ya mbali, katika soko linalotoa vitabu vipya takriban 60,000 kila mwaka. Mrabaha wake ni euro 5,610. Kama kazi ilichukua miaka miwili, hiyo ni chini ya euro 235 kwa mwezi, kabla ya kodi ya mapato.

Rudi Rubaya. Tukihesabu euro moja kwa dola 1.1, mrabaha wote huo ni takriban dola 6,170, sawa na ushuru wa kilo 880 za koltani. Kwa kasi ya tani 120 kwa mwezi, kilo 880 hupita katika muda usiofika saa sita. Miaka miwili ya kuandika inalingana na asubuhi moja ya ushuru.

Gharama ya kufika

Kabla ya kuuza nakala ya kwanza, mwandishi lazima aje. Baada ya M23 kuutwaa mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikasimama, hivyo wengi huingia kupitia Gisenyi, upande wa Rwanda wa mpaka, wakiwa na fedha taslimu. Anahitaji gari linalohimili barabara ya Masisi, dereva, malazi, vibali, na mtu wa hapa anayejua nani wa kuzungumza naye na wakati wa kuondoka. Tuseme yote hayo ni dola 150 kwa siku. Siku 30 ni dola 4,500, karibu robo tatu ya mrabaha wote. Na hakuna kitabu cha maana kuhusu Kivu kilichoandikwa kwa mwezi mmoja.

Nani basi hulipa? Kwa Vogel, vyuo vikuu na fedha za utafiti. Kwa Johnson na Schlindwein, gazeti, na nyuma ya gazeti wasomaji wake: taz ni ushirika tangu mwaka 1992, wenye wanachama zaidi ya 20,000. Kitabu huja baadaye na kumpa mwandishi jina, mihadhara na fursa ya utafiti unaofuata. Ni kazi halali, na wengi wao wameifanya kwa ujasiri. Lakini mlipaji yuko Ulaya, kwa hiyo lugha, bei na maswali ya kitabu huelekea Ulaya pia.

Maneno yanapogeuka sheria

Mtu anaweza kusema: nakala 3,000 zina uzito gani? Uzito wa maandishi haya haupimwi kwa mauzo. Baada ya miaka ya ripoti na kampeni, Marekani ilipitisha Julai 2010 sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa zieleze kama bati, tantali (inayotoka kwenye koltani), tungsteni au dhahabu yao inatoka Kongo au nchi tisa jirani. Tume ya masoko ya hisa ya Marekani ilikadiria kwamba kuanza kuitii kungegharimu kampuni dola bilioni 3 hadi 4, na baadaye dola milioni 207 hadi 609 kila mwaka.

Ripoti za kwanza ziliwasilishwa mwaka 2014 na kampuni 1,321. Ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani ilikadiria kuwa asilimia 67 kati yao hazikuweza kutambua madini yao yalitoka nchi gani.

Huku Kivu bei ililipwa mapema zaidi. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na amri hiyo ilidumu hadi Machi 2011. Kwa miezi sita wachimbaji, wabebaji, akina mama wanaouza chakula machimboni na wafanyabiashara wa kati wanaoitwa négociants walipoteza kipato halali. Kitabu cha Vogel kinaeleza matokeo hayo: mpango wa kuweka lebo kwenye magunia ili kuonyesha madini yanatoka wapi ulileta ukiritimba na kushusha kipato cha wadogo, ilhali vita viliendelea.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Sentensi iliyoandikwa vibaya kuhusu Rubaya haimgharimu msomaji wa Berlin chochote. Mchimbaji ndiye anayeilipia.

Kitabu kinachorudi nyumbani

Benki ya Dunia ilikadiria kuwa mwaka 2024 asilimia 73.5 ya Wakongomani waliishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Kitabu cha euro 20, yaani dola 22, ni matumizi ya siku kumi ya mtu kama huyo, bila kuhesabu nauli ya kukifikisha Goma. Tena kimeandikwa Kijerumani au Kiingereza.

Mambo yanaweza kwenda vingine. Pole Institute, iliyoanzishwa Goma mwaka 1997, ilitoa utafiti wake kuhusu koltani Januari 2002, muda mfupi baada ya bei kupanda karibu mara kumi mwaka 2000 na kuanguka. Mwaka 2007 Johnson na Aloys Tegera wa taasisi hiyo walichapisha pamoja utafiti kuhusu biashara ya mpakani. Vogel ameandika na Josaphat Musamba, mtafiti wa Bukavu, makala kuhusu wale négociants, na majina yote mawili yako juu ya kazi. Mwaka 2020 watafiti wa Kivu na wenzao wa Ulaya walitoa kitabu cha The Bukavu Series, wakieleza wazi jinsi Mkongomani anavyokusanya taarifa, akahatarisha maisha, kisha akaitwa msaidizi tu.

Kinachokosekana ni mstari mmoja katika bajeti ya mradi: wa kukirudisha kitabu Goma. Tuseme toleo fupi la Kiswahili na Kifaransa, nakala 500, linagharimu dola 4 kila nakala kuchapwa, na tafsiri dola 2,000 nyingine. Jumla ni dola 4,000: pungufu ya mwezi mmoja wa safari tuliouhesabu juu. Ongeza siku mbili za kuwasomea mswada wachimbaji, watafiti na wafanyabiashara wa Goma kabla haujaenda kiwandani, ili wanaotajwa wapate nafasi ya kusahihisha.

Wafadhili wa utafiti wanaokubali kulipia gari la kwenda Masisi wanaweza kulipia na hilo. Waandishi waliandike katika maombi yao ya fedha, na vyuo vya Goma vikatae kushirikiana na mradi usio nalo. Ukilinganisha na mabilioni yaliyokadiriwa kuhitajika kufuata sheria iliyotungwa bila mchimbaji kuulizwa, dola 4,000 ni bei ndogo mno kushindwa kuilipa.