Yoga Timbwani: msuli haurefuki, neva ndizo zinazokubali

Anayetaka kufanya yoga ufuoni Timbwani, huko Likoni, aulizie maji kabla ya kuuliza saa. Siku za bamvua, bahari ya Mombasa hujaa alfajiri na alasiri, ikatoka kabla ya adhuhuri. Saa kumi na mbili asubuhi ufuo wa Shelly bado ni mwembamba, na mchanga uliobaki ni ule mkavu wa juu, unaodidimia. Mchanga huo haufai kwa mikao ya kuegemea viganja: sehemu ya chini ya kiganja huzama kwanza, kifundo cha mkono kikakunjika kupita kiasi, na uzito wa mabega wote ukakiangukia. Mchanga mbichi ulioachwa na maji una afadhali. Baraza ya saruji yenye mkeka usioteleza ni bora kuliko yote, hata kama haipendezi pichani.

Halafu kuna joto. Mwili haupoi kwa kutoka jasho, hupoa kwa jasho kukauka. Lita moja ikikaukia kwenye ngozi huondoka na joto la takriban kilokalori 580; ikidondoka mkekani haikuondoa chochote. Mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa imelegea na hewa imejaa unyevu, jasho jingi la mtu wa Likoni hudondoka tu. Huko Ulaya na Marekani watu hulipia vyumba vilivyopashwa moto hadi nyuzi 40 wakiambiwa kwamba jasho litawatoa sumu. Jasho ni maji na chumvi. Uchafu wa mwili huondolewa na ini na figo. Joto sisi tunalo la bure, sioni kwa nini mtu alitafute zaidi. Alfajiri, au jioni upepo wa bahari ukivuma, inatosha.

Sasa tuje kwenye msuli wenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopoteza jasho lao. Mtu huanza darasa akiwa hafikii vidole vya miguu. Baada ya wiki sita anavigusa, na husema misuli yake imerefuka. Mwaka 2010 watafiti Cynthia Weppler na Peter Magnusson walipitia tafiti za kunyoosha misuli, wakaonyesha kwamba katika programu za wiki tatu hadi nane, mabadiliko hutokana zaidi na hisia. Msuli ni uleule. Kilichobadilika ni kiasi cha mvuto ambacho mfumo wa neva unakubali kabla ya kusema basi.

Ndani ya msuli mna vihisio vidogo vinavyopima jinsi unavyovutwa. Ukivutwa ghafla, taarifa hufika kwenye uti wa mgongo na amri hurudi papo hapo: jikaze. Kwa hiyo anayejirusharusha ili afike chini anashindana na mwili wake mwenyewe. Anayeshuka polepole, akakomea pale anapousikia mvuto lakini uso haujakunjamana, akatulia hapo kwa pumzi kadhaa, anaizoesha neva ijue kwamba hakuna hatari. Mazoea hayo huja kwa kurudia. Robo saa kila siku, kwa maoni yangu, itamfaa kuliko saa mbili za Jumamosi zinazomwacha akichechemea hadi Jumatano.

Wapwani wengi wana mtaji ambao hawauhesabu. Aliyekua akikaa juu ya mbuzi kukuna nazi, akila mkekani, na anayesali sala tano kwa rukuu na sijida, nyonga na vifundo vyake vya miguu vimeshazoea mikao ambayo karani wa Nairobi huisotea miezi. Upungufu wake mara nyingi uko juu zaidi, hasa akiwa ni wa bodaboda anayeshinda ameinamia usukani: mabega na mgongo wa juu. Huyo asipoteze darasa zima akishindana na jirani kukunja miguu. Amwambie mwalimu mapema anakoumwa.

Pumzi nayo ina ushahidi wake. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake, katika utafiti wa watu wazima 23 wenye afya, waliona kwamba kusoma rozari kwa Kilatini na kutamka mantra ya yoga vyote vilishusha pumzi hadi karibu sita kwa dakika, na uwezo wa mwili kurekebisha shinikizo la damu ukaongezeka. Kama dua za dini mbili zilileta tokeo moja, basi inaelekea kazi ilifanywa na mwendo wa pumzi. Hili lina uzito mahali kama Likoni, ambako mzazi anaweza kuuliza kwa haki kama binti yake anafundishwa ibada ya wengine. Baraza la Ulamaa la Indonesia mwaka 2009 lilikataza yoga yenye mantra na ibada, likaruhusu iliyo mazoezi matupu. Mwalimu wa Timbwani aseme waziwazi siku ya kwanza ni ipi anayofundisha.

Na asiahidi miujiza. Karen Sherman na wenzake huko Seattle waliwagawa watu 228 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini: wengine yoga, wengine mazoezi ya kawaida ya kunyoosha viungo, wengine kitabu cha kujisaidia. Matokeo yao, ya mwaka 2011, yalionyesha wa yoga na wa kunyoosha viungo wakipata nafuu inayolingana, na wote wakiwapita wa kitabu.

Mwisho wa darasa kuna mkao wa maiti, kulala chali na kutulia, na ndio unaorukwa na wenye haraka ya feri ya Likoni. Baada ya mazoezi kwenye joto, mishipa ya damu ya ngozi na miguu imepanuka. Ukiinuka ghafla damu hubaki chini, na ukienda kusimama wima kwenye umati unaongoja lango lifunguliwe, bila kutembeza miguu, kizunguzungu kinaweza kukuangusha hapo hapo. Lala dakika tano, geuka ubavu, kaa, kunywa maji, ndipo usimame. Feri nyingine itakuja.