Ngome ya mawe Migori yasubiri wapita njia

Kila siku malori, mabasi na bodaboda huvuka mpaka wa Sirari na Isebania, kati ya Mkoa wa Mara nchini Tanzania na Kaunti ya Migori nchini Kenya. Wafanyabiashara wengi hupita mji wa Migori wakikimbilia Kisii au Kisumu. Wachache hukumbuka kwamba kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji huo kuna Urithi wa Dunia.

Mahali hapo panaitwa Thimlich Ohinga. Kwa Kijaluo, ohinga ni ngome, na jina zima hubeba maana ya ngome iliyo katika msitu mnene wa kutisha. Mwaka 2018 UNESCO iliiingiza katika orodha yake, ikawa eneo la saba la Kenya kupata hadhi hiyo.

Kinachomshangaza mgeni ni ujenzi wake. Kuta zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa mita moja hadi tatu, lakini hakuna saruji wala udongo ulioyashikanisha mawe. Mafundi waliyapanga yabanane yenyewe kwa yenyewe, yakasimama kwa karne kadhaa. Milango ni finyu, ili adui asiingie kwa kishindo. Ndani walikaa watu na mifugo yao, na kuna dalili kwamba chuma kilifuliwa humo.

Wataalamu wanakadiria kwamba ngome ilijengwa karne ya 16. Jamii mbalimbali zilipokezana kuishi humo, na kila iliyoingia ilizikarabati kuta badala ya kuzibomoa. Historia hiyo haiko mbali na maisha ya mpakani leo: Waluo wa Rorya na Wakuria wa Tarime wana ndugu zao wa damu upande wa Migori, na mstari wa mpaka umewakuta tayari wakiwa majirani.

Thimlich Ohinga haiko peke yake. Watafiti wamehesabu maboma ya mawe zaidi ya 500 katika eneo hilo la Ziwa Victoria. Mengi hayana ulinzi kama wa ngome hiyo, na baadhi yamepoteza mawe yaliyochukuliwa kwa ujenzi. Mkulima anayehitaji msingi wa nyumba huona mawe ya bure. Atayaacha mahali pake akiona kwamba yakibaki yanamletea kipato.

Hapo ndipo penye ugumu. Watalii wengi wanaokuja Kenya huelekea Maasai Mara au pwani. Walio Serengeti wako karibu na Migori, lakini viza ya pamoja ya utalii iliyoanza mwaka 2014 inahusu Kenya, Uganda na Rwanda tu. Kenya iliacha kudai viza mwaka 2024, lakini mtalii wa kigeni anayetoka Tanzania kwa kawaida huhitaji idhini ya kielektroniki ya kusafiri (eTA) ili avuke Sirari.

Kwa hiyo wageni walio karibu zaidi ni wananchi wa Afrika Mashariki wenyewe, na wafanyabiashara wako mstari wa mbele. Anayelala Migori akisubiri mzigo anaweza kwenda ngomeni na kurudi siku hiyo hiyo. Mwenye siku ya ziada anaweza kufika maporomoko ya Gogo kwenye mto Kuja, au Muhuru Bay, ambako samaki wa ziwani hushushwa karibu kabisa na mpaka wa Tanzania.

Biashara ipo pia. Vikapu, vyungu na vinyago vya mawe laini kutoka Tabaka, Kisii, ni bidhaa ambazo mgeni hupenda kubeba. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, shehena ya thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ikiwa imetengenezwa ndani ya Jumuiya na imo katika orodha iliyokubaliwa, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Kodi nyingine za ndani zinaweza kubaki, hivyo ni vyema kuuliza kabla ya kufunga mzigo.

Mama anayeuza chai na chapati karibu na ngome hahitaji ndege iliyojaa watalii. Anahitaji gari la abiria linalosimama. Likisimama mara kwa mara, jirani yake mwenye boma la mawe shambani atakuwa na sababu ya kulitunza.