Kura 49 Zilizotosha

Hesabu za Bunge la Kaunti ya Meru zina kichekesho chake. Desemba 14, 2022, miezi minne tu baada ya uchaguzi mkuu, madiwani 67 walipiga kura kumng'oa Gavana Kawira Mwangaza. Wakagonga mwamba. Oktoba 25, 2023 walirudi tena, mara hii wakiwa 59. Wakagonga mwamba vilevile. Kufikia Agosti 8, 2024 waliotaka aende walikuwa wamepungua hadi 49. Wenzao 17 waliipinga hoja waziwazi na 3 wakajizuia kupiga kura. Hao 49 ndio waliofanikiwa.

Bunge hilo lina madiwani 69, na sheria inadai theluthi mbili ili gavana apelekwe Seneti. Theluthi mbili ya 69 ni 46. Kwa hiyo, siku ile ya Agosti madiwani wanne wangegeuza nia, hoja iliyoletwa na diwani wa kuteuliwa Zipporah Kinya ingezikwa papo hapo. Umoja wa karibu bunge zima haukumtikisa gavana. Bunge lililogawanyika ndilo lililomwangusha. Anayetaka kuelewa mabunge ya kaunti yanavyofanya kazi mashinani atakuta somo kubwa katika kinyume hicho kuliko katika vitabu vyote vya uraia.

Tuanze na wanaoketi humo. Katiba ya 2010 inasema kila wadi ichague diwani mmoja, siku ileile ya kumchagua rais, Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Mpiga kura hupewa karatasi sita, na ya diwani ndiyo inayomhusu mtu anayemjua kwa jina la utani, anayejua nyumba yake, anayekutana naye matangani na kumdai mchango wa karo kabla hata hajashuka kwenye pikipiki. Meru ina wadi 45. Ukitoka Maua na Kangeta, katika nchi ya miraa, ukapita Kianjai na Mikinduri, ukazunguka Timau kwenye ngano na viazi, kisha ukateremka hadi Mitunguu na Igoji, utakuwa umepita katika mahitaji yasiyofanana hata kidogo. Diwani wa Igembe huja mjini Meru na habari za soko la miraa. Wa Imenti huja na chai na kahawa. Wa Buuri huja na maji.

Juu ya hao 45 kuna 24 ambao hawakupigiwa kura na mtu yeyote. Wanatoka kwenye orodha za vyama, ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya bunge na ili vijana, watu wenye ulemavu na makundi yaliyotengwa yapate sauti. Viti hivyo hugawiwa vyama kulingana na wadi ambazo kila chama kimeshinda. Hapo ndipo kitanzi cha Mwangaza kilipoanza kusokotwa, kabla hata hajaapishwa. Alishinda Agosti 9, 2022 akiwa mgombea huru, akawabwaga Kiraitu Murungi aliyekuwa gavana na Mithika Linturi wa chama cha UDA. Ulikuwa ushindi wa kupigiwa makofi. Lakini mgombea huru hana orodha. Hana chama cha kumpa kiongozi wa wengi wala kiranja wa kuwachunga watu wake siku ya kura. Aliingia ofisini akiwa na wananchi nyuma yake na bunge zima mbele yake.

Madiwani wakamshtaki kwa mengi. Walidai aliajiri jamaa zake, aliwadharau viongozi wenzake, alifanya uteuzi kinyume cha sheria. Mwaka 2023 liliongezwa shtaka la kuipa barabara ya umma jina la mume wake, shtaka ambalo lilizungumzwa sokoni kuliko yote kwa sababu halihitaji wakili kulifafanua.

Kura ya diwani, hata hivyo, haimwondoi gavana. Inafungua mlango tu. Spika wa bunge la kaunti, huko Meru wakati ule akiwa Ayub Bundi, ana siku mbili za kumjulisha Spika wa Seneti. Seneti nayo inaweza kuunda kamati ya wajumbe kumi na mmoja au kusikiliza shauri wote kwa pamoja. Mwaka 2022 iliundwa kamati chini ya Seneta Boni Khalwale wa Kakamega, na mnamo Desemba 30, Wakenya wakijiandaa kwa mwaka mpya, kamati ikasema mashtaka hayakuthibitishwa. Mwaka uliofuata maseneta walisikiliza wote, na usiku wa Novemba 8 wakayatupa mashtaka yote saba, moja baada ya jingine.

Sheria ina kifungu ambacho pengine kilikusudiwa kuwatuliza watu: gavana akinusurika Seneti, mashtaka yaleyale hayawezi kurudishwa huko kabla ya miezi mitatu kupita. Meru kifungu hicho kiligeuka kuwa kalenda ya vita. Kila upande ulijua pumziko lingeisha lini.

Usiku wa Agosti 20, 2024 upepo ukageuka Nairobi. Maseneta 26 walimkuta na hatia, akaondolewa madarakani, ingawa si kwa muda mrefu. Kesho yake Mahakama Kuu, chini ya Jaji Bahati Mwamuye, ilisitisha uamuzi huo, naye Mwangaza akaendelea kukaa ofisini kwa ngao ya mahakama kwa karibu miezi saba. Machi 14, 2025 jaji huyohuyo akahukumu kwamba kuondolewa kwake kulikuwa halali. Jumatatu ya Machi 17, aliyekuwa naibu wake, Isaac Mutuma, aliapishwa kuwa gavana. Meru haijawahi kumrudisha gavana kwa muhula wa pili: Peter Munya alihudumu mmoja, Kiraitu mmoja, na Mwangaza hata huo mmoja hakuumaliza.

Lakini Meru haikubuni mchezo huu. Aliyeufungua ni Embu, huko kusini.

Embu ina wadi 20 tu, kutoka Kyeni na Kagaari chini ya Mlima Kenya hadi Kiambere na Makima kwenye joto la Mbeere. Wafanyakazi wa kaunti walikuwa hawajazizoea hata ofisi zao pale, Januari 28, 2014, bunge la kaunti hiyo lilipopiga kura kumng'oa Gavana Martin Wambora. Alikuwa amechaguliwa Machi 4, 2013, hata mwaka haujatimia. Mashtaka yalikuwa ya namna ambayo kila mkulima angeyaelewa: ununuzi wa mbegu za mahindi ambazo wakulima walisema zilikataa kuota, na ukarabati wa uwanja wa michezo wa Embu. Seneti iliafiki Februari 14, na Wambora akawa gavana wa kwanza wa Kenya kung'olewa. Watu wengine siku hiyo walikuwa wanapeana maua.

Kisha mahakama ikaingia. Mwezi Aprili, Mahakama Kuu iliyoketi Kerugoya ilibatilisha hatua hiyo. Madiwani wa Embu hawakungoja hata mwezi. Aprili 29 walimng'oa tena, na Mei 13 Seneti ikaafiki tena. Wambora akarudi mahakamani tena. Mwishoni mwa 2015 Mahakama ya Rufaa ilimpa ushindi. Spika wa bunge hilo, Justus Kariuki Mate, na karani wake walijikuta katika kesi nyingine, ya kudaiwa kudharau amri ya mahakama kwa kuendelea na kikao cha Januari. Kesi hiyo ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu mwaka 2017, na jina la Spika Mate sasa limo katika rejea za kila wakili anayeuliza mpaka wa jaji na bunge uko wapi.

Mwaka huohuo wa 2017, Wambora, aliyeng'olewa mara mbili, aliwarudia wapiga kura wa Embu. Wakamchagua tena. Mwaka 2021 magavana wenzake walimfanya mwenyekiti wa Baraza la Magavana. Hapo mtu anaweza kuuliza, na madiwani wa wakati ule labda bado wanauliza, walikuwa wanamwakilisha nani.

Swali hilo ni kongwe kuliko kaunti. Nchiru, huko Tigania, ndiko makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru ambalo liliamua mashauri ya ardhi, mifugo na viapo kwa vizazi vingi bila karatasi ya kura. Mwaka 1956 baraza hilo, likiungwa mkono na serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana Meru. Uamuzi ulikuwa wa pamoja, bila mpinzani hata mmoja. Nyumbani mambo yakawa mengine. Wasichana walikatana wenyewe kwa wenyewe kwa nyembe, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe, na katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,000 walishtakiwa kwa kuivunja amri hiyo. Hakuna anayetamani ukeketaji urudi. Lakini wazee walipatana wote barazani huku wanawake, ambao jambo lenyewe lilikuwa lao, hawakuwa na kiti hata kimoja. Ukiwatazama wale 24 wa kuteuliwa katika bunge la leo kwa jicho hilo, viti vyao havionekani tena kama zawadi za vyama peke yake, japo zawadi zimo.

Mbali na vita, kuna kazi nyingine ambayo haiwaleti waandishi wa habari mlangoni. Mwaka wa bunge huenda na tarehe za fedha. Mwisho wa Februari kaunti huwasilisha mkakati wake wa matumizi. Mwisho wa Aprili hufika makadirio ya bajeti. Kufikia Juni 30 lazima yawe yamepitishwa, la sivyo mishahara, dawa za zahanati na mafuta ya magari ya wagonjwa huanza kuning'inia. Katikati ya tarehe hizo kamati hutembea wadini kukusanya maoni, mara nyingi katika kumbi za makanisa na chini ya miti, ambako mzee mmoja huuliza habari za daraja lililoahidiwa bajeti mbili zilizopita na hajibiwi. Katiba inataka vikao viwe wazi na wananchi washirikishwe. Diwani anayekosa vikao vinane bila ruhusa ya spika hupoteza kiti chake. Na mswada ukipita, gavana ana siku 14 za kuutia saini au kuurudisha.

Mamlaka ya kaunti pia yana mpaka, na Embu iliuona mpaka huo kupitia muguka, jani linalotafunwa kama miraa. Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku jani hilo katika kaunti yake, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Kwa wakulima wa Mbeere lilikuwa pigo la mfukoni moja kwa moja. Mahakama Kuu ya Embu ilisitisha marufuku hayo, Gavana Cecily Mbarire na viongozi wenzake wakaenda Ikulu, na serikali kuu ikatangaza kwamba amri za kaunti za pwani hazina nguvu kwa kuwa zinagongana na sheria ya taifa. Mbarire ni mmoja wa wanawake saba waliochaguliwa magavana mwaka 2022, kama Mwangaza. Tofauti ni kwamba yeye alikuja na UDA, na bunge lake, chini ya Spika Josiah Thiriku, halijamfikisha Seneti.

Huko Meru, madiwani walewale walirudi kwenye kura mwaka 2025, safari hii kujaza pengo walilolisababisha. Mutuma alipopanda kuwa gavana, kiti cha naibu kilibaki wazi. Akampendekeza Linda Kiome, na bunge lililomkataa mwanamke mmoja mara tatu likamkubali mwingine mara moja.

Embu nayo, iliyotulia kwa miaka, iliamshwa na uchaguzi ambao haukuwa wa bunge lake. Geoffrey Ruku, mbunge wa Mbeere Kaskazini, aliteuliwa waziri mwaka 2025, na kiti chake kikapigiwa kura Novemba 27. Mbeere Kaskazini ina wadi tatu tu: Nthawa, Muminji na Evurore. Newton Kariuki, anayejulikana zaidi kama Karish, alikuwa diwani wa Muminji. Duncan Mbui alikuwa wa Evurore. Wote wawili waliacha viti vyao vya bunge la kaunti ili wagombee cha Nairobi, zikiwa zimebaki chini ya miaka miwili kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027.

Usiku wa kuhesabu kura, Leo Wamuthende wa UDA alitangazwa mshindi kwa kura 15,802. Karish alipata 15,308. Kesho yake, kati ya wadi tatu za Mbeere Kaskazini, ni Nthawa peke yake iliyokuwa na mtu wa kuisemea bungeni Embu.