Ngono isiyopangwa: ukweli hutegemea swali

Wilayani Kasese, Uganda, na hasa Bwera karibu na mpaka wa Mpondwe, wafanyabiashara na madereva hulala mbali na nyumbani. Mwanamke na mwanamume wasiofahamiana wanaweza kukutana jioni, wakanywa, na tendo likatokea bila yeyote kulipanga. Wahudumu wa afya wanahitaji kujua hali hiyo imeenea kiasi gani, na njia ya kujua ni kuwauliza watu wazima wenyewe.

Ugumu wa kwanza ni swali. Ukimuuliza mtu kama amewahi kufanya ngono "kwa bahati mbaya", atakayejibu ndiyo huenda alikubali bila kupanga, au alilewa hata hakuweza kukubali, au alilazimishwa. La pili na la tatu ni ukatili, na kuyachanganya na la kwanza ni kumficha mkosaji. Dodoso zuri huuliza matukio moja moja: Ulikuwa umekunywa? Ulikubali? Kondomu ilitumika?

Ugumu wa pili ni aibu. Utafiti wa Kisesa, mkoani Mwanza, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2004, ulilinganisha majibu ya wanaume na ya wanawake kuhusu wapenzi wao, na hesabu hazikuoana. Wanawake wasioolewa walielekea kuficha, na wanaume walielekea kuongeza. Kila mmoja alijibu kama jamii inavyomtarajia.

Mwaka 1965 mtafiti Stanley Warner alipendekeza bahati nasibu itumike kumlinda mhojiwa. Njia moja iliyotokana na wazo hilo inafaa hata Bwera. Mhojiwa hurusha sarafu ya shilingi 500 pasipo mhojaji kuona. Ikiangukia upande wa korongo, anajibu "ndiyo" vyovyote iwavyo. Ikiangukia upande wa nembo ya taifa, anasema kweli. Tuseme kati ya watu 100, 60 wamejibu ndiyo. Takriban 50 wamesema hivyo kwa sababu ya sarafu. Wanabaki 10 kati ya 50 waliotakiwa kusema kweli, yaani asilimia 20. Kiwango cha jamii kinajulikana, lakini siri ya mtu mmoja mmoja haijulikani hata kwa mhojaji. Njia hii inadai wahojiwa wengi na maelezo yanayoeleweka, kwa Lhukonzo au lugha nyingine wanayoizoea.

Kwa hiyo, ukisoma asilimia yoyote kuhusu ngono, uliza kwanza swali liliulizwaje, na nani alikuwa akisikiliza. Mhojaji akifika kwako, mtake akuhakikishie usiri. Akishakuhakikishia, mjibu kweli. Na kama ngono isiyopangwa au ya kulazimishwa imekupata, usingoje utafiti: dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72 na humezwa kwa siku 28, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufaa ndani ya siku tano, na mapema ndiyo bora. Nenda kituo cha afya leo.